Mba na chupa ya mafuta ya nazi

Mwezi uliopita niligusia mba kwa mistari miwili tu nikimjibu msomaji mmoja, dada aliyeuliza habari za wigi, basi ikawa kama nimerusha jiwe kwenye mzinga wa nyuki. Simu ya ukurasa huu imejaa meseji za mba mpaka binti yangu akaniuliza mama umefungua saluni bila kutuambia? Wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwamba hizi dawa za Kihindi za Ayurveda zinazouzwa saivi kila kona ya Ngamiani zinaponyesha mba kweli au tunaliwa hela tu. Nimeamua leo ukurasa wote uwe wa mba. Kwa wageni, mimi si daktari, nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Tanga miaka mingi kabla sijaanza kuandika, na pale kaunta nimeshaonyeshwa vichwa vya kila aina.

Shikamoo Anti. Nafanya kazi ya kaunta, yunifomu yetu ni blauzi nyeusi na koti jeusi, na mba zinanidhalilisha. Ikifika saa nne nikijitazama mabegani ni kama nimetoka kusaga unga. Napaka mafuta ya nazi kila asubuhi, mama ananiambia kichwa kimekauka ongeza, naongeza, nazo zinazidi. Juzi mteja mmoja mzee kanipangusa begani akaniambia mwanangu uwe unaoga. Nilitamani ardhi inimeze. Naoga mara mbili kwa siku Anti! — Blauzi Nyeusi, Makorora

Marahaba mwanangu, na pole sana. Huyo mzee msamehe, ndivyo alivyoambiwa na wakubwa zake, ila amekosea, mba haitokani na kutokuoga. Na mama yako naye kwa heshima zote kakosea upande wa pili, maana kichwa chako kingekuwa kimekauka kweli hayo mafuta unayokimwagia kila siku yangeshakitosheleza.

Iko hivi. Kichwani kwa kila mtu, mwenye mba na asiye na mba, kuna fangasi mdogo sana wa jamii ya hamira, ndiyo, ndugu yake ile unayoumulia maandazi. Anaitwa Malasezia, jina limetokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyemwona kwenye magamba ya ngozi huko karne ya 19. Huyu fangasi ana kasoro moja, hawezi kujitengenezea mafuta yake mwenyewe, kwa hiyo anaishi kwa mafuta ya mwenye kichwa, na kichwani tezi za mafuta ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya mwili. Anayamega mafuta, anakula anachokitaka, kinachobaki ndani yake kuna asidi inaitwa oleiki. Sasa kuna watu ngozi yao haina habari na hiyo asidi, na kuna watu kama wewe na mimi (ndiyo, na mimi) ngozi yetu inaichukia, inawasha, inavimba kidogokidogo, halafu inaanza kujibadilisha harakaharaka. Ngozi ya kawaida inachukua kama mwezi hivi kutoka chini mpaka juu na inapodondoka inadondoka chembe mojamoja huzioni, ila ikikimbizwa inatoka changa, imeshikana mafungumafungu, ndo huo unga wako wa mabegani.

Na hii ndo sababu mba haianzi ukiwa darasa la pili, inaanza ukibalehe, tezi za mafuta zinapoamka. Wanaume wanapata zaidi kuliko sisi. Mtu akishapita miaka 50 hivi mara nyingi inapungua yenyewe.

Sasa rudi kwenye chupa yako. Kila asubuhi unamwandalia huyu mgeni chai na vitafunio. Wataalamu wakitaka kumfuga maabara unajua wanafanyaje? Wanamwagia mafuta ya zeituni juu ya chakula chake, ndo anaota vizuri. Mafuta ya nazi siyo sawasawa na ya zeituni, yana asidi ya lauriki ambayo ina nguvu kidogo dhidi ya vijidudu, kwa hiyo wapo wanaopata nafuu nayo na siwezi kuwabishia. Ila kwa wengi wetu kinachotokea ni kwamba mafuta yanalilaza gamba, unaona kichwa kimetulia unafurahi, ikifika saa sita na jasho la Tanga hili la kaskazi, gamba limeinuka tena na wenzake.

Fanya hivi. Mafuta ya kukaa nayo kutwa acha kuyapaka kwenye ngozi ya kichwa, ukitaka paka ncha za nywele tu. Nenda duka la dawa kaombe shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi, asilimia 2. Lowesha kichwa, paka kwenye ngozi siyo kwenye nywele, halafu subiri dakika 5. Hapo pa kusubiri ndo wengi mnapoharibu, mtu anapaka anasuuza hapohapo afu anakuja kulalamika dawa feki. Mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Kama nywele zako ni za kipilipili na zinakatika ovyo, mara moja kwa wiki inatosha, na baada ya hapo tia kondishena kwenye nywele. Ikishatulia endelea mara moja kila wiki moja au mbili, maana fangasi huyu ni mwenyeji wa kichwa, hafukuzwi akaondoka, anapunguzwa tu. Mwezi ukipita hujaona tofauti yoyote nenda hospitali wakuangalie, pengine siyo mba.

Binti yangu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, mba ninayo tangu chuo cha ualimu. Zamani nilikuwa na jirani Mhindi, mtu muungwana sana, akiniambia huu ni ugonjwa wa upepo na makohozi na kwao unaitwa darunaka. Nikawa namcheka. Sasa mjukuu wangu kaniletea kutoka Mombasa vitu vitatu vimeandikwa Ayurveda, mafuta, unga na vidonge. Nianze na kipi? Na je, yule jirani alikuwa anajua alisemalo? — Mwalimu Mstaafu, Pangani

Shikamoo mzee wangu. Jirani yako alikuwa anajua, na ungemsikiliza ungepunguza kujikuna miaka yote hiyo.

Ayurveda ni tiba ya zamani sana ya Bara Hindi, na msingi wake ni kwamba mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pita na kafa (pita hii siyo ya kupita njia). Vata ni kama upepo, inaleta ukavu na kupasukapasuka. Pita ni moto. Kafa ni uzito, utelezi, mafutamafuta, unyevunyevu, na ndo hayo makohozi aliyokuwa anayasema jirani. Katika kitabu cha Sushruta, tabibu wa kale wa Kihindi, darunaka imewekwa kwenye kundi la magonjwa madogo madogo, na inaelezwa kwa maneno machache tu ambayo mimi nayapenda, kwamba ardhi ya nywele inakuwa ngumu, inawasha, inakwaruza na kupasuka, kwa sababu kafa na vata zimechafuka pamoja. Ardhi ya nywele! Sisi tunasema ngozi ya kichwa, wao waliona shamba.

Tazama sasa. Hawakuwa na hadubini, fangasi hawakumjua, lakini waliona kwamba kichwa kimoja kinakuwa na mafuta na ukavu kwa wakati mmoja, kitu ambacho sisi tunashindwa kukiona mpaka leo, ndo maana tukiona gamba tunakimbilia chupa. Siwaambii kwamba kafa ndiyo Malasezia, siyo, na nisingependa mtu aniletee hadithi kuwa Wahindi walijua yote. Matibabu yao ya darunaka yalikuwemo hata ya kutoa damu, nani leo atakubali kuchanjwa kwa ajili ya mba? Ila kwenye kuangalia walikuwa makini.

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Nimekulia Ngamiani, ukuta mmoja na familia ya Kihindi, na kila Jumapili asubuhi mama wa nyumba ile alikuwa anawakalisha watoto wake kwenye kigoda uani, kijibakuli cha mafuta kimewekwa juu ya maji ya moto, anawakanda vichwa mmoja mmoja kwa vidole, taratibu, huku anawasengenya majirani kwa Kigujarati (tulikuwa tunajua, majina yetu tuliyasikia). Sisi watoto wa upande wa pili tunachungulia, tunaenda kumwambia mama, Wahindi wanapaka mafuta mengi ndo maana nywele zinawarefuka, na mama zetu wakanunua mafuta. Tulichokuwa hatukisubiri kukiona ni kilichofuata baada ya nusu saa. Watoto wale walikuwa wanaingizwa bafuni na kuoshwa kichwa kwa maji meusi yenye mapovu, yaliyolowekwa ritha na shikakai, matunda makavu yanayotoa povu kama sabuni, mpaka mafuta yote yakatoka. Yaani tuliiga nusu ya kwanza ya dawa, nusu ya pili tukaiacha bafuni kwao. Mpaka leo tunapaka, hatuoshi. Hata neno shampuu lenyewe asili yake ni Kihindi, maana yake ni kukanda, likapelekwa Uingereza na kina Sake Dean Mahomed, mtu wa Patna aliyefungua bafu lake kule Brighton mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza wakalichukua, wakaja kutuuzia sisi kwenye chupa.

Haya, zawadi za mjukuu. Mafuta yatumie kama yule mama, kijiko kimoja au viwili, yapashe moto kidogo kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto, kanda ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole siyo kucha, nusu saa, halafu osha na shampuu mpaka yaishe. Usilale nayo. Yakiwa na mwarobaini ndani ni bora zaidi. Unga soma kimeandikwa nini, kama ni amla (tunda chachu la Kihindi), mwarobaini, au triphala (hiyo ni matunda matatu yaliyokaushwa yakasagwa pamoja) koroga na maji uwe uji mzito, paka dakika 20, suuza.

Vidonge rudisha, mzee wangu, au vitupe. Sisemi kwa chuki. Kuna utafiti uliotoka 2004, watafiti wa Boston, Marekani, walinunua dawa 70 za kumeza za Ayurveda kwenye maduka ya eneo lao, wakakuta 14 zina madini mazito, risasi au zebaki au aseniki. Kuna tawi la tiba hiyo linalochanganya madini makusudi kabisa wakiamini yameshasafishwa. Kichwa ni cha nje, kitibu kwa nje, figo zako ziache zipumzike na pensheni. Na kama mtu anakutibu kwa kumeza, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria yake ipo tangu 2002, akianza kuzungukazunguka ujue hajasajiliwa.

Anti mambo! Mi sina hela ya machupa. Uani nina mwarobaini mkubwa tu, jikoni uwatu upo, asali shemeji ananiletea kutoka Handeni, mtindi sikosi. Nipe vipimo basi, siyo unasema "kiasi". — Mama Mapacha, Muheza

Poa mwenzangu, wewe unalo duka zima la Ayurveda hapo nyumbani na hujui.

Uwatu: vijiko viwili vya chakula, loweka kwenye kikombe cha maji usiku kucha. Asubuhi zitakuwa zimevimba zinateleza, saga kwa blenda au twanga, changanya na vijiko viwili vya mtindi, paka kwenye ngozi ya kichwa, kaa nusu saa ukimalizia kazi zako, osha na shampuu. Mara moja kwa wiki. Uwatu ni wa ukoo wa kunde, dengu na karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga asiukimbilie, na hata asiye na mzio apake kidogo kwanza ndani ya kiwiko asubiri siku moja aone. Nisikudanganye, uwatu nausifu zaidi kwa mazoea kuliko kwa utafiti, ule utelezi wake unatuliza muwasho na magamba yanaachia vizuri.

Mwarobaini: viganja viwili vya majani mabichi, lita moja ya maji, chemsha dakika 10 mpaka 15, acha ipoe kabisa, chuja. Hayo ndiyo maji yako ya kusuuzia mwisho baada ya kuosha, mara mbili kwa wiki. Yanakausha, kwa hiyo siyo kila siku. Mwarobaini una uwezo wa kupunguza fangasi, hilo halina mzozo, mzozo uko kwenye jina, watu wanaamini magonjwa arobaini yote yamo humo basi wanakunywa na kunywesha watoto. Mafuta ya mwarobaini yasipite kabisa mdomoni mwa mtoto mchanga, watoto wameshaumwa vibaya na wengine kufa kwa hayo mafuta, na wewe una mapacha.

Asali ndiyo iliyonishangaza. Ayurveda inasema asali inakausha kafa, mimi nikaona maneno tu, mpaka nikakutana na utafiti uliotoka 2001, watu 30 wenye mba sugu ya magamba na muwasho, wakapakwa asali mbichi iliyozimuliwa na maji ya uvuguvugu kidogo tu, sehemu tisa asali moja maji, wakikandwa dakika mbili tatu halafu wanakaa nayo saa tatu nzima ndipo wanaosha, siku moja ndiyo siku moja siyo. Muwasho uliondoka ndani ya wiki moja. Na walioendelea mara moja kwa wiki kwa miezi sita haikuwarudia, wale walioacha, 12 kati ya 15 ikawarudia. Watu 30 ni wachache, siyo ushahidi wa kuapia, lakini ukiwa na shemeji wa Handeni jaribu, funga kichwa na mfuko wa plastiki maana asali inachuruzika shingoni na sisimizi wa Muheza nawajua.

Hivi vyote ni kwa mba nyepesi. Ikiwa imekukomaa, anza na ketokonazoli mwezi mmoja, ikishashuka ndo hivi vikusaidie kuishikilia hapohapo chini.

Anti nilisikia ndimu inaua mba, nikajikamulia ndimu tatu kichwani nikaenda zangu ufukweni Raskazone. Jioni paji la uso na shingo vimewaka moto, leo siku ya tatu nina mabaka meusi na malengelenge. Ni dawa inafanya kazi?

Hapana! Umeungua. Ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua zinaichoma ngozi, na wewe ukachagua jua la baharini. Osha kwa maji mengi ya baridi, malengelenge usiyapasue, kaa kivulini, yakizidi nenda hospitali. Mabaka yatakaa wiki au hata miezi, yanafifia polepole. Na ndimu iachie samaki.

Anti vipi, mi bodaboda, kijiwe chetu kiko Chumbageni. Tangu nianze kuvaa helmeti kutwa mba imenikaba, na abiria nao wanavaa ya pili wanashtuka wakiona. Je nimeambukizwa na helmeti? Au na mashine ya kinyozi? Nimenyoa kipara lakini bado.

Salama mdogo wangu. Mba haiambukizi, fangasi wake kila abiria amekuja naye kutoka kwao. Ila helmeti inafunika jasho na joto humo ndani na fangasi hapo ndo nyumbani, kwa hiyo haikukuletea mba, inakuongezea. Usiache kuvaa! Bora mba kuliko lami. Vaa kitambaa cha pamba ndani, ufue kila siku, na ukipumzika kijiweni ivue helmeti uianike juani ndani pakauke, siyo unaikalia. Kipara kinakusaidia kitu kimoja tu, shampuu inafika kwenye ngozi moja kwa moja, mafuta ya ngozi yapo palepale hata bila nywele.

Mashine ya kinyozi ni kesi nyingine. Ile inaambukiza mapunye, siyo mba, na watu wanachanganya sana. Mba imesambaa kichwa kizima na nywele haziachi viraka. Mapunye ni duara duara, nywele zimekatika au zimetoka, na wanaopata hasa ni watoto. Mwambie kinyozi wako asafishe mashine kwa spiriti mbele yako, akinuna hama.

Anti naomba unisaidie haraka, mwanangu wa miezi miwili kichwa kimejaa ukoko wa njano wenye mafuta, na kaka yake wa miaka sita ana mabaka mawili yasiyo na nywele yana unga. Bibi yao anasema wote ni mba tuwapake mafuta ya nyonyo. — Mama Wawili, Duga

Kwa mdogo bibi kapatia nusu. Ule ukoko ni ndugu wa mba, unawatokea wachanga wengi kwa sababu tezi zao za mafuta zimechangamshwa na homoni walizotoka nazo tumboni kwa mama, hauumi na unaisha wenyewe ndani ya miezi. Paka mafuta kidogo ukoko ulainike, kama dakika 15, halafu muoshe kwa shampuu ya watoto na uchane taratibu kwa brashi laini. Usibandue kwa kucha. Mafuta yaoshwe yatoke, hadithi ni ileile ya Wahindi wa Ngamiani.

Wa miaka sita hayo ni mapunye mama, na mapunye hayasikii mafuta wala shampuu peke yake, fangasi wake amezama ndani ya shina la nywele, lazima dawa ya kumeza atakayoandikiwa, mara nyingi griseofulvini kwa wiki 6 mpaka 8, na anaimeza pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uipokee. Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Kofia, kitana na taulo vyake viwe vyake peke yake.

Nikienda kuweka dawa ya nywele, dada wa saluni ananikwangua mba zote kwa kitana kwanza, raha sijapata kuona, ila dawa ikiingia nalia machozi. Na nikitoa rasta baada ya miezi miwili mba zinatoka kama ngano.

Unalia kwa sababu kichwa kina vidonda vya kitana, halafu mnamwagia dawa kali juu yake. Ile raha ya kukwanguliwa naijua, nisiseme uongo, tumelala kwenye mapaja ya mashangazi tukikwanguliwa mpaka usingizi ukatuchukua. Lakini gamba ukilibandua ngozi inaharakisha kutengeneza jingine, kwa hiyo unakwangua leo unalipa wiki ijayo. Osha na shampuu ya mba siku tatu nne kabla, siku ya dawa usiguse kichwa. Rasta usizidishe wiki sita, na ukiwa umesuka tia shampuu kwenye chupa ya kubana, ile ya tomato sosi, imimine kwenye mistari, subiri dakika zako 5, suuza.

Na kama unapaka piko kwenye nywele na kichwa kikaanza kuwasha na kutoa magamba ndani ya siku mbili tatu, hiyo siyo mba hata kidogo, ni mzio wa piko. Hina ya majani matupu ni salama zaidi, piko nyeusi inayoshika kwa dakika chache ina kemikali za rangi ambazo zikishakukataa mara moja zitakukataa maisha. Acha kabisa.

Mba zangu zimetoka kichwani zimekuja kwenye nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio na kifuani katikati. Shampuu zote nimemaliza. Umri 34.

Ndugu yangu, huko ndiko kwenye mafuta mengi mwilini, kwa hiyo ni mba ileile imepanda cheo, na inahitaji daktari akupe krimu ya kutuliza uvimbe kwa muda mfupi pamoja na ya fangasi. Usijinunulie krimu za steroidi dukani ukapaka usoni miezi, zinaharibu ngozi. Nenda hospitali ya mkoa pale Bombo, na wakiona inawashinda wanajua pa kukuelekeza, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo kizima cha magonjwa ya ngozi tangu 1992. Jambo la pili nakwambia kwa upendo, ikitokea ghafla na kwa nguvu hivyo, pima na VVU. Wengi wenye hali hiyo hawana, lakini mwenye VVU anaipata mara nyingi na kali zaidi, na akianza dawa mapema hata ngozi inatulia. Pima ujue tu.

Anti, mwaka jana ulimwambia msomaji habari za uwatu, nikafanya, mba imepungua nashukuru. Tatizo mume wangu anasema kitandani nanuka mchuzi wa bizari. Nifanyeje?

Anasema kweli, uwatu unakaa. Usizidishe nusu saa, osha na shampuu mara mbili siyo moja, suuza mwisho kwa maji yenye vijiko viwili vya marashi ya waridi, na usifunge nywele mbichi, zikauke kwanza kabla ya mtandio. Ukishindwa kabisa fanya siku aliyosafiri. Ila kabla ya yote hayo muangalie na yeye mabega ya kanzu yake, maana wanaume wa hapa ndo wateja wangu wakubwa wa shampuu walikuwa, wakija dukani wanasema ni ya mke.